Bunduki Tuliyoichagua Mimi na Shaame

Shehe alituambia tuanze upande wa kulia, kama inavyotakiwa, na mkono wa kulia wa Shaame ndio uliokuwa karibu nami. Nikaumiminia maji ya mkunazi kuanzia begani. Yalipofika kwenye kiwiko yalikwama kidogo penye shimo la kovu, yakajaa, kisha yakamwagika. Mwosha maiti hatakiwi kutoka nje akasimulia alichokiona mwilini mwa maiti, nami sikusudii kuivunja adabu hiyo katika uzee wangu. Lakini kovu lile halikuwa siri. Kijiji kizima kililijua, hata watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye, maana Shaame alikuwa akiwaruhusu watie kidole mle ndani kwa malipo ya embe moja. Tulijaribu kuunyoosha mkono ulale ubavuni sambamba na mwili. Haukunyooka, kama ambavyo haukuwahi kunyooka tangu mwaka ule. Mwenzangu akataka kuukandamiza kwa nguvu, Shehe akamzuia. "Muacheni nao hivyo hivyo," akasema. "Alivyoishi nao ndivyo tutakavyomkafini." Nikaendelea kumimina maji, macho yangu kwenye kiwiko, na harufu ya kafuri ilipopanda nikajikuta nimerudi kwenye mwaka mmoja tu wa ujana wangu, mwaka wa bunduki.

Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu, juu kidogo ya Wambaa, baada ya kidato cha nne na mwaka mmoja wa kambini, wa kulitumikia taifa. Kambini ndiko nilikojifunza kuishika bunduki, kuifungua, kuisafisha na kuifunga tena bila kutazama, na niliporudi nilitembea kama mtu aliyerudi kutoka ng'ambo. Viatu vya kambi nilivivaa hata kwenda kisimani. Shaame hakwenda kambini wala hakumaliza shule. Yeye alikuwa mpandaji wa mikarafuu, na kwa kazi hiyo hakuwa na mfano kwetu: tawi ambalo wengine waliliogopa yeye alilikalia, akachuma kwa mikono miwili huku akiimba, na gunia lake likajaa wakati sisi tungali tunatafuta pa kukanyaga. Tulikuwa tukilala chumba kimoja, chumba cha nje cha Mzee Faki, ambaye alikuwa mkuu wa wasasi, wawindaji wa kijiji. Kitanda kilikuwa kimoja cha kamba, na anayechelewa kurudi alilala mkekani. Karibu kila usiku nililala mkekani mimi, kwa sababu Shaame akishaswali isha hakuwa na pa kwenda, nami nilikuwa na viatu vya kuonyesha watu.

Usasi kwetu haukuwa mchezo, ingawa tuliufurahia kama mchezo. Nguruwe mwitu wakiingia shambani usiku mmoja, muhogo wa mwaka mzima hugeuzwa juu chini, na mpunga wa bondeni hulazwa kama umepitiwa na gari. Kwa hiyo Jumapili wasasi walitoka na mbwa na mikuki. Mbwa hawakukaribia nyumba; walifungwa mbali, na aliyeguswa na mate yao alijitohara mara saba, moja kwa udongo, kabla ya kukaa na watu. Shaame alimwita mbwa wake Hayakuhusu, ili kila anapomwita majirani wasikie. Kuwinda kwenyewe kulikuwa kwa duara. Tulikizunguka kichaka, kila mtu kasimama na mkuki wake ameelekea ndani, kisha mbwa na wapiga kelele wakaingia katikati. Nguruwe akitokea upande wowote, anamkuta mtu. Baba zetu waliwinda hivyo, na babu zetu, na ilikuwa njia nzuri isiyo na hatari kubwa, kwa sababu mkuki ukikosa huchoma ardhi hapo hapo mbele ya miguu yako. Nguruwe mwenyewe hatukumla, wala hatukumgusa zaidi ya lazima. Tulipeleka habari mjini Chake, na Bwana Lukas, bwana shamba kutoka bara, alikuja na gari la kazi kumchukua, ale yeye na Wakristo wenzake, nasi tukarudi kuoga.

Mwaka ule nguruwe walizidi. Siku moja tulikuwa barazani kwa Mzee Faki, tumewekewa sinia la muhogo wa nazi na papa mkavu, akaja Bi Time, dada yake Mzee, mjane aliyekuwa akilea wajukuu. Hakutoa salamu. Alitupa katikati ya sinia kipande cha muhogo mbichi kilichotafunwa, chenye alama za meno. "Kuleni na hiki," akasema, "ndicho kilichobaki shambani kwangu." Akaondoka. Hakuna aliyerudisha mkono kwenye sinia. Baada ya muda Mzee Faki akasema kwamba mikuki haitoshi tena, na kwamba wasasi wa vijiji vingine wana bunduki. Mtu mmoja akauliza nani kati yetu anaijua bunduki. Nilikunja tu miguu ili viatu vyangu vya kambi vionekane.

Kibali kilichukua miezi. Polisi walitaka jina la mtu mmoja atakayewajibika, likaandikwa langu. Michango ilitoka kwa wenye mashamba, wengine wakitoa karafuu kavu badala ya fedha, na Mzee Faki akaniambia mbele ya watu wote: "Kombo mwanangu, siye hatujui chochote katika jambo hili. Utakayosema weye ndiyo." Mpaka leo nikiikumbuka sauti yake nasikia uzito uliokuwemo, uzito ambao siku ile niliuona kuwa ni heshima tu. Zilikuwapo bunduki mbili za kuchagua. Moja ilikuwa ya marisau, vile vidonge vidogo vya risasi vinavyotawanyika, ya mzee mmoja wa Wete ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Nyingine ilikuwa ya Bwana Lukas mwenyewe. Alikuwa anakaribia kustaafu na kurudi kwao bara, na hakutaka kusafiri nayo.

Ya Wete tuliitazama kwanza, mimi na Shaame, tumekwenda kwa baskeli moja tukipokezana kukanyaga. Ilikuwa bunduki ya mitutu miwili, nzito, kitako chake kimesuguliwa na shavu la mwenyewe mpaka kimekuwa laini kama ukuta wa kisima. Nikaikunja, nikachungulia mitutu kwenye mwanga, sikuona kutu. Bawaba zilikuwa zimelegea kidogo lakini zilishika. Yule mzee alituruhusu tuijaribu kwenye mnazi uliokufa nyuma ya nyumba yake. Ilinguruma kweli, na kuku wote wakakimbilia chini ya ghala. Tuliposogea tukakuta marisau yamejibandika kwenye gome, mengine yanang'oka kwa ukucha. Shaame akayang'oa machache akayatia mfukoni. "Yapendeza," akasema. "Yafaa kwa kufukuzia kunguru," nikajibu, na nikahakikisha nimesema kwa sauti ya chini ili mzee asisikie, lakini alisikia. Akaipokea bunduki yake, akaipangusa kwa kikoi, akatuambia, "Haya, wanangu, Mungu awape iliyo kubwa."

Nyumba ya Bwana Lukas naikumbuka zaidi kuliko nyumba nyingi nilizolala. Ilikuwa nyumba ya serikali, sakafu ya saruji nyekundu iliyopakwa dawa mpaka unaona miguu yako, na ukutani saa iliyokuwa ikitangulia kwa makusudi, kwa sababu mkewe alikuwa nesi wa hospitali na hakutaka kuchelewa zamu. Mkewe tulimwita Mama Neema. Alitupokea mlangoni akiwa bado na gauni la kazi. Jambo la kwanza alilotuambia lilikuwa kuhusu sufuria. "Wanangu, msile kwa wasiwasi. Sufuria yenu mimi naiweka mbali, haijawahi kupikiwa mnyama yule, na nyama nimenunua sokoni kwa Mwislamu mwenzenu." Akatuonyesha kabisa, sufuria yenye kipande cha utambaa mweupe kimefungwa kwenye kishikio chake. Shaame akamwambia, "Mama, miye ungenipa hata mfuniko wake ningelamba," akacheka mpaka akashika ukuta.

Bwana Lukas alikuwa ametandika gunia la mbolea juu ya meza ya barazani, na juu yake bunduki. Nilipoiona niliitamani papo hapo. Ilikuwa ya kijeshi, ya aina ile ile tuliyofundishwa kambini, ile tuliyoiita semi: ukishaikoki mara moja, kila unapovuta kifyatulio inatoa risasi na kujiweka tayari kwa nyingine. Aliinunua kihalali bara, zamani, alipokuwa akifanya kazi kwenye mashamba yaliyopakana na pori la tembo. Nilivua saa, nikakunja mikono ya shati, nikaanza kazi, na lazima nikiri kwamba kazi ile niliifanya vizuri. Kwanza nilihakikisha haina kitu ndani, mara mbili, kama tulivyofundishwa. Nilisoma namba iliyopigwa kwenye chuma na kuilinganisha na namba ya kwenye kitabu chake cha kibali. Nikaifungua, nikapanga vipande kwenye gunia kimoja kimoja. Nikaweka karatasi nyeupe nyuma ya mtutu na kuchungulia kupitia mdomoni. Mistari ya ndani ilikuwa inang'aa, isipokuwa karibu na mdomo ambapo hewa ya bahari ilikuwa imeanza kula. Nikapitisha kidole kwenye kitako, nikakuta ufa. Bwana Lukas hakunisubiri niulize. "Huo ufa ni wangu," akasema. "Niliiangusha kutoka kwenye gari. Nimeufunga waya kwa ndani. Na springi ya magazini ni mpya, ile ya zamani ilikuwa inachoka. Sitaki mtu aseme Lukas aliniuzia kitu kibovu."

Shaame alisimama nyuma yangu muda wote. Aliomba achungulie mtutu, nikampa, akafunga jicho silo, nikamwambia afunge jingine. "Namwona Mzee Faki," akasema. "Yumo humu ndani kakaa, anakunywa kahawa." Bwana Lukas akatabasamu. Nilimkanya Shaame kwamba tuko kazini. Alinitazama kwa namna aliyokuwa akinitazama nilipovaa viatu vile, si kwa dharau, ila kama mtu anayemwangalia ndugu yake mdogo amevaa kofia ya baba.

Kisha tukaenda kuijaribu, kwenye shamba la mfano la serikali, ambako palikuwa na kichuguu kikubwa cha udongo na mbele yake gogo la mnazi limesimamishwa. Nililala chini kama kambini. Nikapiga moja, halafu bila kuinua shavu nikapiga ya pili na ya tatu. Haikusubiri. Ilikuwa rahisi kama kubisha mlango. Tukalikimbilia gogo. Upande wetu palikuwa na matundu madogo, unayafunika kwa kidole. Shaame akazunguka nyuma. "Yakhe," akaniita, "njoo uone. Imetokea huku." Upande wa pili gogo lilikuwa limepasuka, nyuzi zimetoka nje kama ufagio. Shaame akapitisha kidole chake kwenye tundu, akakichezesha, mimi nikakiona upande wangu. Tulifurahi. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke, kwa sababu wanangu huniuliza kama hatukuogopa. Hatukuogopa. Tulikumbuka yale marisau yaliyojibandika kwenye gome kule Wete, tukaangalia nyuzi zile zilizotoka nje, na tukasema hii ndiyo bunduki.

Chakula kilikuwa ugali na mchuzi wa nyama, na bamia zilizopondwa. Mama Neema alikaa nasi kidogo kabla ya zamu, akasikiliza Shaame akisimulia jinsi tunavyokizunguka kichaka, nani anasimama wapi, jinsi mbwa wake Hayakuhusu anavyoingia wa kwanza. Alikuwa ameshika upawa. Akauliza, kama mtu anayeuliza chumvi, "Sasa mkiwa mmezunguka hivyo, na hii ikitoka upande wa pili, upande wa pili anasimama nani?" Nikamjibu haraka, kabla ya mwingine yeyote: "Nguruwe, Mama." Watu wote mezani walicheka, Shaame zaidi ya wote, na Mama Neema naye akatabasamu, akaniongeza mchuzi. Nilimsikia vizuri. Nasema hivyo kwa sababu katika maisha mtu anaweza kusema hakusikia, au hakuelewa. Mimi nilisikia na nilielewa, kwa muda mfupi kama mwanga wa njiti ya kibiriti niliwaona wenzangu wamesimama ng'ambo ya kichaka, kisha nikaona kwamba nikilikubali swali lile tutarudi Wete kuchukua ya kufukuzia kunguru. Nikala ugali wangu.

Tulirudi jioni, bunduki imefungwa kwenye gunia, Shaame kaipakata nyuma ya baskeli kama mtoto mgonjwa. Miezi iliyofuata ilikuwa ya furaha. Siwezi kuiandika vingine, hata kwa kujua mwisho wake. Bunduki iliwekwa chumbani mwetu, ndani ya sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja wangu na mmoja wa Mzee Faki. Kila baada ya msako niliifungua mkekani na kuipaka mafuta, Shaame kalala kitandani anachambua habari za kijiji, harufu ya mafuta ya bunduki imechanganyika na ya karafuu zilizokuwa ghalani ukuta wa pili. Kupitia ukuta huo huo tulimsikia Mzee Faki akizungumza na mkewe. "Mkuki wangu sasa utakuwa wa kutundikia taa," alisema mara moja. Mkewe akamjibu, "Afadhali. Taa yenyewe haina pa kutundikwa." Tukabana vicheko kwenye mito. Nguruwe walipungua. Bi Time alipanda muhogo upya, na siku moja akaniletea mkate wa mofa wa moto uliofunikwa kawa, akauweka mbele yangu kwa mkono ule ule uliotupa kile kipande cha muhogo. Nilijiona nimekuwa mtu.

Duara hatukulibadilisha. Hakuna aliyelifikiria ila mimi, mara moja tu, mezani kwa Mama Neema. Tuliichukua bunduki tukaisimamisha katika nafasi ya mkuki mmoja, basi, na wengine wote wakabaki mahali pao pa siku zote. Nimeshasikia watu wakisema ajali ile ilikuwa ya mtu asiyejua bunduki. Hapana. Bunduki niliijua kuanzia kitako hadi mdomo. Niliikagua asubuhi nzima, nikaona ufa wa ndani ya mbao na kutu ndogo kama chembe ya mtama. Kichaka chetu na watu waliokizunguka sikuwakagua, kwa kuwa niliwajua tangu utotoni.

Ilikuwa Jumapili, kwenye bonde lililo chini ya shamba la Bi Time, mpunga umeanza kuinama. Kichaka kilikuwa kidogo, tukasogeleana kuliko kawaida. Shaame alikuwa ng'ambo, nilimsikia akimwita mbwa wake, "Hayakuhusu! Hayakuhusu!" na watu wakicheka. Nguruwe akatoka chini ya mchikichi, dume kubwa, akakatisha mbele yangu. Nikapiga. Nilimwona magoti yakimwishia, na hapo kazi ilikuwa imekwisha. Bunduki ya mitutu miwili ingenifanya nifikiri kabla ya kuufyatua mtutu wa pili, na mkuki ningekuwa nimeshaurusha. Lakini hii haikusubiri, na kidole changu kilikuwa bado pale pale. Nilipiga tena, juu kidogo ya mgongo wa mnyama aliyekuwa tayari anaanguka. Majani ya ng'ambo yakatikisika. Kelele za wapiga kelele zikaendelea kwa muda, kisha zikaisha moja moja, na sauti ya Shaame ikasema, bila kupaza, kana kwamba ananitaka nimpe kitu: "Kombo. Kombo, umenipiga."

Mzee Faki alivua kikoi chake akaufunga mkono, akabaki na kaptula mbele ya vijana, mtu mzima yule. Gari lililokuja kumchukua nguruwe ndilo lililompeleka Shaame hospitali. Bwana Lukas aliliendesha akipiga honi mfululizo kuanzia bondeni hadi Chake, nguruwe tukamwacha hapo na nzi. Mama Neema alikuwa zamuni. Alimpokea, akaingia naye, mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye benchi la mbao, damu imekauka kwenye viatu vyangu vya kambi, nikilisubiri swali lake. Nilikuwa nimelitayarishia kichwa changu nikiinamishe. Alipotoka alikaa pembeni yangu kwa kuchoka. "Mkono hautakatwa," akasema. "Kiwiko ndicho sijui. Mfupa umevunjika kama kauri." Akaniambia nivue shati, akaenda kulifua kwa mikono yake kwenye karo la wodi, akanirudishia lingali na maji. Hakunikumbusha. Walihama miezi michache baadaye, na mpaka wanapanda meli hakunikumbusha. Laiti angenikumbusha, nadhani ningelia siku ile nikamaliza.

Polisi waliichukua bunduki, na kibali changu kikafutwa. Wasasi walirudi kwenye mikuki. Mzee Faki aliutundua mkuki wake msumarini, usiku akautundikia taa tena, na hakunisema. Aliniita tu ukumbini, akaniambia, "Nilikwambia utakayosema weye ndiyo. Nilikosea kukwambia vile," yaani alijipa yeye sehemu ya lawama ambayo haikuwa yake, na hilo liliniuma kuliko kofi.

Karafuu zilizaa sana mwaka ule, na ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Mikarafuu yote ilikuwa myekundu kwa vishada, watu wamejaa mashambani, na Shaame alikuwa ameketi kwenye jamvi pamoja na wanawake na watoto akichambua karafuu kutoka kwenye vikonyo kwa mkono wa kushoto, wa kulia umekunjwa kifuani kama mtu aliyebeba chungu asichoruhusiwa kukiweka chini. Wanawake walimfanyia mzaha kwa huruma. "Shaame, utatutoa kazini." Akawajibu, "Miye nimekuja kujifunza umbea tu, kuchambua najua." Sikuweza kuangalia. Nikaenda kwenye mkarafuu aliozoea kuuchuma, ule mrefu uliokuwa mpakani, nikavua viatu na kuanza kupanda. Nilikuwa mpandaji mbaya. Nilikumbatia shina, nikavunja kijitawi, kisha kingine, na baada ya muda nikasikia sauti yake chini yangu.

"Nani kakutuma huko?"

"Sijatumwa."

"Shuka, wavunja matawi ya watu."

"Sishuki."

Akazunguka nyuma ya shina. Nilidhani ameondoka. Kisha akasema, "Basi mguu wa kushoto. Si huo, huo ni wa kulia, kambini walikufundisha nini? Wa kushoto, palipo na kinundu. Haya. Sasa jivute." Nilijivuta. Akanipandisha hivyo hivyo, tawi kwa tawi, akinionyesha kwa mkono wa kushoto, akinitukana kwa adabu, mpaka nikafika kwenye lile tawi alilokuwa akilikalia. Nikakaa. Kwa mara ya kwanza niliona alichokuwa akikiona: vilele vya mikarafuu vinashuka hadi mikokoni, na bahari nyembamba nyuma yake. Chini, uso wake umeinuliwa kwangu. "Waona nini?" akauliza. Nikamwambia. "Ndipo hapo," akasema. "Sasa chuma."

Kila msimu baada ya hapo nilimpandia, yeye chini, mimi juu, tukigawana tulichochuma, mpaka magoti yangu nayo yakakataa na wanawe wakachukua nafasi. Watu waliotukuta tukigombana chini ya mti walidhani tuna uadui. Kuhusu bunduki alizungumza mara moja tu, tukiwa tumeshazeeka, tunakula ndizi za nazi nyumbani kwake. "Yakhe," akasema, "ungeichagua ile ya Wete, ningekuwa na matundu kama chekeche." Nikamwambia yale marisau yangeishia kwenye majani. "Najua," akasema. "Nilikuwa nayo mfukoni hata siku ile ya bondeni." Akasogeza sahani, akanipa ndizi iliyobaki.

Alasiri tulimpeleka makaburini. Nilikuwa mmoja wa walioshuka kaburini kumpokea, ingawa vijana walinizuia kwa ajili ya umri wangu. Tukamwingiza kwenye mwanandani, tukamlaza ubavu wa kulia, uso kibla. Hakulala sawasawa. Kiwiko kiligusa udongo kwanza, mwili ukabaki umeinuka, ukitaka kurudi chali. Wenzangu wakanitazama. Juu Shehe alikuwa akisubiri, na watu wamesimama wamelizunguka kaburi, wameelekea ndani. Nikamwambia kijana aliyekuwa nami amwinue kidogo. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono chini ya sanda, nikachimba kwa vidole udongo ule mwekundu, nikautoa, nikachimba tena, mpaka nikapata shimo dogo la kutosha kiwiko cha mtu mmoja. Nikamwambia amshushe. Alishuka, kiwiko kikaingia mahali pake, na Shaame akalala.